Desturi za Ugenini: Meza ya Mnara wa Fedha

Katika mji wa Paris, kando ya mto Seine, upo mkahawa uitwao La Tour d'Argent, maana yake Mnara wa Fedha. Jina hilo lisimdanganye msomaji, kwa kuwa hapana mnara, wala hapana fedha kutani. Ni nyumba ya ghorofa kama nyingine za mji ule, namba 15 katika barabara ya Quai de la Tournelle, na chumba cha kulia kipo ghorofa ya sita, kilikohamishiwa mwaka wa 1936. Mgeni aketiye karibu na dirisha huuona mto ukipita chini yake, na kisiwani huliona kanisa kuu la Notre-Dame kwa upande wa nyuma. Kanisa hilo ndilo lililoshikwa na moto tarehe 15 Aprili 2019, likafunguliwa tena mwezi wa Desemba 2024.

Wenye mkahawa husimulia kwamba mahali hapo palianza kupikia wageni mwaka wa 1582, na kwamba mfalme Henri wa Tatu alikula hapo akawaona wageni kutoka Italia wakitumia uma, chombo ambacho Wafaransa wa siku zile hawakukizoea. Hayo ni masimulizi ya nyumba yenyewe, na kila nyumba ya zamani ina masimulizi yake. Msomaji ayapokee kama apokeavyo hadithi za mababu, kwa heshima bila kuapa. Mambo yaliyo wazi zaidi yanaanzia mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakati mkahawa ulipokuwa chini ya Bwana Frédéric Delair. Mtu huyu alikuwa na ndevu za mashavuni na miwani ya kubana puani, na alikuwa na ustadi wa kumkata bata aliyechomwa akiwa amemshika juu hewani kwa uma, bila kumgusisha sahani.

Bata ndiye chakula kilicholeta sifa. Huletwa kutoka Challans, upande wa magharibi wa Ufaransa, akiwa bado mchanga, wa majuma manane hivi. Hachinjwi kwa kisu kama ilivyo desturi ya watu wengi, bali huuawa kwa namna ambayo damu hubaki mwilini. Jambo hili litawachukiza wasomaji wengi, na Mwislamu hana ruhusa kabisa ya kumla. Mpishi humchoma kwa muda mfupi, kisha huletwa mbele ya wageni. Hapo mtumishi hukata minofu ya kifua vipande vyembamba na kuiweka kando. Mifupa iliyobaki hutiwa katika shinikizo la fedha lenye gurudumu juu yake, likazungushwa kwa nguvu mpaka damu na urojo wote umetoka. Urojo huo huchanganywa na ini lililopondwa, divai ya Madeira, pombe kali ya cognac na maji ya limau, ukapikwa polepole juu ya moto mdogo hapo hapo mezani hadi ukawa mzito. Minofu huliwa kwanza pamoja na mchuzi huo. Mapaja hurudishwa jikoni yakachomwa vizuri, nayo huja baadaye kama chakula cha pili. Mtu aliyezoea kumaliza ugali wake kwa dakika kumi na kurudi kazini hana budi kujua kwamba mlo mmoja katika nyumba hii huweza kuchukua saa tatu.

Mwaka wa 1890 Bwana Delair alianzisha jambo ambalo karani yeyote atalipenda. Aliamua kumpa kila bata namba yake, na mgeni aliyemla akapewa kadi yenye namba hiyo kwa ukumbusho. Namba 328 alipewa mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa mfalme Edward wa Saba. Hirohito wa Japani, alipozuru Ulaya mwaka wa 1921 kabla hajawa mfalme, alikula namba 53,211. Mwaka wa 1948 Binti Elizabeth wa Uingereza alikula namba 185,397. Ni yule yule ambaye miaka minne baadaye, akiwa Kenya, alifikiwa na habari ya kifo cha baba yake, akaondoka katika nchi ya Nyeri akiwa Malkia. Bata wa milioni moja aliandikwa mwaka wa 2003. Mwenye kupenda hesabu na achukue kalamu: katika miaka 58 ya kwanza waliliwa bata wapatao 3,200 kwa mwaka, na katika miaka 55 iliyofuata wakaliwa karibu 15,000 kila mwaka, yaani bata arobaini kwa siku. Ulimwengu baada ya vita ulikuwa na wasafiri wengi zaidi, na wenye fedha zaidi.

Lakini wajuzi wa mambo ya chakula husema kwamba utajiri wa nyumba hii haumo jikoni, umo chini ya ardhi. Chini ya jengo, kina cha ghorofa mbili kutoka usawa wa barabara, ipo ghala ya divai ambayo katika miaka hii huhesabiwa kuwa na chupa zaidi ya 300,000. Kitabu cha kuchagulia divai kina kurasa 400 hivi na uzito wa kilo nane, hata mgeni akiletewa hukipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto.

Mkulima ataelewa upesi kwa nini kitabu kiwe kikubwa hivyo. Zabibu ni zao kama mazao mengine, nalo hufuata udongo, mteremko, mvua na jua. Wafaransa wamechunguza jambo hili kwa karne nyingi hata wakafikia kutofautisha shamba na shamba lililo jirani yake, kwa kuwa moja lina changarawe na lingine lina udongo mzito. Katika nchi ya Burgundy liko shamba moja liitwalo Romanée-Conti, lenye ukubwa wa eka nne na nusu tu, ambalo divai yake hutafutwa na matajiri wa dunia nzima. Chupa zinazotoka humo kwa mwaka ni elfu chache. Wako wakulima wengi wenye eka nne na nusu, lakini hapana aliyeambiwa kwamba mfuko mmoja wa mavuno yake una thamani ya gari.

Tena mwaka nao una neno. Mwaka wa jua jema hutoa divai idumuyo, na mwaka wa mvua nyingi wakati wa mavuno hutoa divai nyepesi isiyofaa kuwekwa. Ndiyo sababu kila chupa imeandikwa mwaka wake. Rangi nyekundu, ambayo wengi hudhani ni ya maji ya zabibu, hutoka katika maganda. Zabibu nyingi nyeusi zikikamuliwa peke yake hutoa maji yasiyo na rangi, na ni lazima maganda yaachwe ndani wakati wa kuchachuka. Magonjwa pia yamefanya kazi yake. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo aliyetoka Marekani, aitwaye phylloxera, aliingia Ufaransa akala mizizi ya mizabibu mpaka mashamba yakaanguka jimbo baada ya jimbo. Dawa iliyopatikana ni ile ambayo kila mwenye miche ya machungwa anaijua: walichukua mashina ya mizabibu ya Marekani, ambayo mdudu huyo hayawezi, wakayapandikizia vikonyo vya mizabibu yao. Kwa hiyo chupa iliyofungwa kabla ya msiba huo ni kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa tena.

Divai njema haitunzwi ovyo. Chupa hulazwa ubavuni ili kizibo kilowe daima, kwa maana kizibo kikikauka hujikunja, hewa huingia, na divai hugeuka siki. Kizibo chenyewe ni ganda la mti wa aina ya mwaloni, ambalo huambuliwa mara moja tu kila miaka tisa. Ghala hutakiwa kuwa na giza, baridi isiyobadilika na unyevu kidogo, tena mbali na mitikisiko. Vumbi halifutwi. Mgeni asiyejua akiona chupa yenye vumbi huenda akadhani watumishi ni wavivu.

Anayesimamia yote haya ni mtunza divai. Kwa muda wa miongo kadhaa kuanzia mwaka wa 1981 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Bwana David Ridgway, naye ni Mwingereza. Kwa Wafaransa kumpa Mwingereza funguo za divai yao ni kama watu wa Lamu kumkabidhi mtu wa bara usukani wa jahazi, na kwamba alikaa nao muda mrefu hivyo ni ushahidi wa kutosha wa ujuzi wake.

Mgeni wa mara ya kwanza huogopa wakati wa kuchagua kuliko wakati wowote mwingine. Kurasa ni nyingi, majina hayatamkiki, na bei nyingine zinaweza kununua ng'ombe wa kundi zima. Hapana aibu yoyote kumwuliza mtunza divai. Kazi yake ni kuulizwa. Mwenye kukaribisha ambaye hataki kutaja fedha mbele ya wageni wake huweka kidole juu ya bei moja ukurasani na kusema kwamba angependa kitu cha namna hiyo, naye mtunza divai huelewa, huinamisha kichwa, na hapana mwingine mezani anayejua kilichosemwa. Zamani mikahawa ya daraja hii ilikuwa na hila nyingine pia: orodha ya chakula yenye bei alipewa mwenyeji peke yake, na wageni wake wakapewa orodha zisizo na bei, ili mtu asione haya kula cha thamani wala asijione mkubwa kwa kukila.

Chupa ikiletwa huonyeshwa kwanza kabla ya kufunguliwa, mwenyeji ahakikishe kwamba jina na mwaka ni vile alivyoagiza. Kisha hufunguliwa na kumiminwa kidogo katika bilauri yake peke yake. Wako wanaodhani kwamba hapo mtu huulizwa kama anaipenda. Sivyo, huulizwa kama divai imeharibika au ni nzima. Akinusa harufu ya ukungu au ya siki anayo haki ya kuikataa, lakini hawezi kuirudisha kwa sababu tu alitarajia kitu kitamu zaidi. Divai nyekundu ya miaka mingi huwa na mashapo chini, hivyo mtunza divai huimimina polepole katika chombo kingine cha kioo huku mshumaa ukiwaka nyuma ya shingo ya chupa. Aonapo mashapo yanakaribia huacha mara moja. Kinachobaki hakinyweki. Wala si adabu kunywa kwa kushindana. Bilauri mbili au tatu kwa mlo mzima zatosha, na aliyelewa katika nyumba kama hii hukumbukwa kwa muda mrefu kuliko aliyelipa vizuri.

Ghala hii ilikaribia kupotea mwaka wa 1940. Mkahawa ulikuwa mali ya Bwana André Terrail, aliyeununua mwaka wa 1911, na mwanawe Claude, kijana wa miaka 22, alikuwa katika jeshi la anga. Majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yakiikaribia Paris, husimuliwa kwamba kijana huyo aliomba ruhusa ya saa chache tu, akakimbia nyumbani, akashuka ghalani na watu wa nyumba. Walichagua chupa bora 20,000, na miongoni mwake zile za mwaka wa 1867, wakazipanga upande mmoja na kujenga ukuta wa matofali mbele yake. Tarehe 14 Juni Wajerumani waliingia mjini. Mjumbe wa Bwana Goering, mkuu wa jeshi lao la anga, alifika mkahawani akataka aonyeshwe ghala, na hasa hizo chupa za 1867. Akajibiwa kwamba zimekwisha kunywewa zote. Hakusadiki, askari wakapekua kila pembe, wasizione. Chupa nyingi zilizokuwa nje ya ukuta zilichukuliwa.

Kisa hiki hupendwa sana na wageni, na kwa haki. Lakini upo upande mwingine ambao hausimuliwi mezani mara nyingi. Mkahawa haukufungwa katika miaka ile. Mkate na nyama vilipokuwa vikitolewa kwa tikiti katika mji mzima, na watu wakipanga foleni tangu alfajiri, huku juu bata waliendelea kukamuliwa, na waliokuwa wakila ni maafisa wa Kijerumani pamoja na wale waliofanya nao biashara. Mmoja wa maafisa hao, mwandishi wa vitabu Ernst Jünger, aliandika katika shajara yake mwezi wa Julai 1942 kwamba alikula hapo, akatazama mapaa ya nyumba za wenye njaa, akatambua kwamba kula na kushiba katika wakati kama ule humpa mtu hisia ya uwezo juu ya wengine. Ni ungamo la ajabu kutoka kwa mtu aliyekuwa mezani. Ukuta wa matofali uliokoa divai. Haukuwa na njia ya kuokoa mtu. Hata hivyo ni vigumu kumlaumu mwenye nyumba kwa kulinda urithi wake, na asiyewahi kukaa chini ya jeshi la kigeni asiharakishe hukumu.

Baada ya vita, mwaka wa 1947, Bwana Claude Terrail alishika mkahawa kwa niaba ya baba yake na kuuongoza karibu miaka sitini. Alivaa ua dogo la buluu kifuani, akapita meza kwa meza kila jioni akiwasalimu wageni, mfalme na mchumba maskini sawasawa. Kitabu cha Michelin, ambacho hupima mikahawa na kuitunuku nyota moja hadi tatu, kiliupa mkahawa wake nyota tatu kwa muda mrefu. Mwaka wa 1996 nyota ya tatu iliondolewa, na mwaka wa 2006 ikafuata ya pili. Mwaka huo huo Bwana Claude alifariki, akiwa na umri wa miaka 88, na nyumba ikamwangukia mwanawe, aitwaye André kama babu yake.

Kijana huyo alirithi jina kubwa, jengo la zamani, na chupa nyingi kuliko wageni walivyoweza kuzinywa. Mwezi wa Desemba 2009 alifanya jambo ambalo baba yake pengine asingalifanya: aliuza kwa mnada chupa 18,000 kutoka ghalani. Wanunuzi walikuja kutoka nchi nyingi, na chupa moja ya cognac ya mwaka wa 1788, mwaka mmoja kabla ya mapinduzi ya Ufaransa, ilipata euro 25,000. Mnada wote ulileta zaidi ya euro milioni moja na nusu. Walikuwako walionung'unika kwamba urithi unauzwa. Lakini divai haidumu milele. Hata ile bora hufika kilele chake kisha hushuka, na ghala isiyotoa kitu mwisho wake ni kaburi la siki. Aliyeuza alikuwa na akili zaidi ya walionung'unika.

Mwaka wa 2022 mkahawa ulifungwa ili jengo litengenezwe, ukafunguliwa tena mwaka wa 2023. Kisha mwanzoni mwa mwaka wa 2024 ikatoka habari mbaya. Watu wa nyumba walipofanya hesabu ya ghala, ambayo ilikuwa haijafanywa tangu mwaka wa 2020, waliona kwamba chupa 83 hazipo, nyingine zikiwa za Romanée-Conti, zile za eka nne na nusu. Hapakuonekana mlango uliovunjwa. Katika miaka ile minne mafundi, wachukuzi na watumishi walikuwa wameingia na kutoka, na aliyechukua alijua vizuri la kuchukua, kwa maana hakugusa divai ya kawaida iliyojaa pande zote. Shauri likapelekwa kwa polisi. Thamani ya chupa zile ilikadiriwa kuwa zaidi ya euro milioni moja na nusu: chupa 83, ambazo mtu mmoja angeweza kuzitoa chache chache katika mfuko wa koti, zilikuwa na thamani sawa na zile 18,000 zilizouzwa mnadani kwa siku mbili mbele ya watu wote. Bata wa mkahawa huo huandikwa kila siku, mmoja mmoja, tangu mwaka wa 1890.